Pipa la Madame Hélène

Madame Hélène hakumpenda Mama Providence tangu siku ya kwanza alipomwona, wala hakujitaabisha kuficha. Yeye alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi ya parokia mtaani Kikula, mke wa fundi wa kiwandani, mwanamke wa kupiga pasi hata kitambaa cha kichwa. Mama Providence aliuza mikate ya mafuta na munkoyo, kinywaji cha mahindi, nje ya lango la shule hiyo hiyo. Mume wake alichimba mawe upande wa Shinkolobwe, akionekana nyumbani mara moja kwa mwezi, na mengine yote mwanamke aliyabeba mwenyewe. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karai la mafuta mbele yake, munkoyo ubavuni, na Mungu alimpa sauti ya kumfikia mtu aliyeko kona ya pili.

"Madame!" angeita kila asubuhi. "Leo tena haukule mukate yangu? Unaogopa mafuta itachafula mudomo?"

Wateja wangecheka. Hélène angepita ameukaza uso, na kicheko kile kingemfuata mpaka ndani ya darasa. Hivyo kwa miaka minne.

Kisha watu wa mradi mmoja wa afya wakaja Likasi kuanzisha vikundi vya usafi mashuleni, na Hélène akachaguliwa. Alikwenda Lubumbashi siku tatu kufundishwa, akarudi na vizibao thelathini vya njano, pipa kubwa la bluu lenye bomba chini, na katoni ya makopo ya klorini. Akaunda brigedi, ndicho kikundi cha usafi cha wanafunzi. Tusimnyime haki yake: alifanya kazi. Vyoo ambavyo watoto walikuwa wakivikimbia na kujificha nyuma ya ukuta, sasa vilifagiliwa na kumwagiwa majivu kila asubuhi. Kucha zilikatwa. Mtoto hakuingia darasani kabla ya kupita penye pipa na kunawa kwa sabuni. Darasa la kwanza walijifunza kuimba viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kabla hawajajua kuandika majina yao.

Prezida wa brigedi, aliyechaguliwa na wenzake, alikuwa Hadassa wa darasa la tano, mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Alikuwa binti wa Mama Providence.

Mnamo Januari barua ilifika: mwezi wa tatu watu wa mradi watakuja kukagua, na shule iliyo safi kuliko zote itajengewa vyoo vipya, vya matofali. Hélène aliisoma barua ile mara tatu. Siku iliyofuata akapeleka karatasi kwa Directeur Firmin, mkuu wa shule. Firmin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutia sahihi chochote alichowekewa mezani, mradi lawama isimpate. Akatia sahihi. Karatasi ilisema hakuna kuuza chakula wala kinywaji mbele ya shule.

Wauzaji wanne waliondoka wakinung'unika. Mama Providence alibaki juu ya ndoo yake.

"Barabara haiko ya masomo," alisema. "Iko ya État, ya serikali. Minye niliuzishaka hapa mbele weye haujafika."

Hélène angeweza kumwita mkuu wa mtaa. Badala yake, wakati wa mapumziko, aliita brigedi nzima, vizibao mwilini, akaipanga mistari miwili nje ya lango. Wanafunzi wengine walipanda ukuta kutazama. Wapita njia wakasimama, na baiskeli zao za makaa.

"Prezida," alisema Hélène. "Soma sheria."

Hadassa alimtazama mwalimu, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa kwenye karatasi.

"Madame," alisema kwa sauti ya chini, "mwingine asome."

"Prezida ni nani? Ni mwingine?"

Mtoto akasoma. Alisoma vizuri, kama alivyosoma kila kitu, mpaka alipofika kwenye maneno "vyakula vinavyoleta nzi na magonjwa", hapo sauti ikakatika, akaanza tena mstari uleule. Mama Providence alisikiliza mikono magotini. Hakumtazama mwanawe, alimtazama Hélène.

Ndipo mvulana mmoja kutoka ukutani akapiga kelele, "Mama Nzi, toka!" Watoto wakaipokea kama wimbo. Mama Nzi, toka! Mama Nzi, toka! Wengine walipiga makofi. Hélène hakuutunga wimbo ule. Lakini angeweza kuunyamazisha kwa kuinua kidole tu, na kidole hakukiinua. Alihesabu moyoni asubuhi zote za miaka minne, akaacha waimbe.

Mama Providence alisimama. Alimwaga mafuta ya moto mferejini taratibu, asimrushie mtu tone, akabeba karai kichwani na munkoyo mkononi.

"Umetumia mutoto wangu," alisema. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungenifukuza weye mwenyewe. Umetumia mutoto wangu."

"Sheria haina mama wala mtoto," Hélène akajibu.

Aliona limemtoka jibu zuri. Jioni ile alimsimulia mume wake, Mathieu, akitegemea atacheka. Mathieu aliendelea kumega tonge la bukari yake, akasema tu, "Ule mutoto atalala namna gani leo?"

Mama Providence alihamishia biashara yake kona ya pili. Hadassa hakuacha brigedi. Alikuja kila siku, akavaa kizibao, akafagia, akanawisha wadogo. Ila hakusema tena na mwalimu isipokuwa ameulizwa, na alipojibu alitazama vifundo vya miguu yake.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana ndiyo yaliyomla Hélène.

Mwezi wa pili mvua zilikuwa nyingi na maji ya bomba machache. Wiki ya kwanza bomba la shule lilitoka mara mbili. Wiki ya pili halikutoka kabisa. Pipa la bluu lilikauka. Hélène aliona ukaguzi unakuja na pipa tupu, akagawa vibuyu vya plastiki kwa wakubwa wa brigedi, akawapeleka kwenye kijito kilichoko chini ya uwanja wa mpira. Kila mtu alijua kijito kile. Juu yake kulikuwa na nyumba mia mbili na vyoo vya mashimo, na mvua ilipopiga, vyote viliteremka. Lakini kulikuwa na klorini, na klorini ndiyo iliyofundishwa Lubumbashi: kipimo kimoja, subiri nusu saa, maji yako ni salama.

Kopo la mwisho liliisha siku ya Jumatano. Hélène alipiga simu kwa watu wa mradi. Wakasema dawa nyingine itakuja pamoja na wakaguzi. Aliketi ofisini na daftari la brigedi mbele yake. Kila siku ilikuwa na safu: vyoo vimefagiliwa, sabuni ipo, maji yametiwa dawa. Siku moja yenye nafasi tupu ingeonekana kama jino lililong'oka. Alifikiri: ni ya kunawa mikono tu, hakuna anayeyanywa. Akaandika alama ya ndiyo. Alhamisi akaandika tena. Baada ya hapo mkono ulijiendea wenyewe.

Lakini watoto walikuwa wakiyanywa. Zamani, jua likiwaka, walinunua kikombe cha munkoyo langoni. Sasa munkoyo haukuwepo hapo, na Madame mwenyewe aliwafundisha, darasa baada ya darasa, kwamba maji safi kuliko yote Kikula yako ndani ya pipa la bluu. Walifungua bomba, wakakinga viganja, wakanywa.

Wa kwanza kuugua alikuwa Dodo wa darasa la pili. Alipelekwa nyumbani saa nne asubuhi, kaptula imelowa, wenzake wakimcheka. Kesho yake hawakucheka tena, maana walikuwa watano. Siku ya tatu walikuwa kumi na mmoja, wanaharisha maji matupu, na akina mama walijaa kwenye kituo cha afya wakiwa na watoto mgongoni wasioweza hata kulia.

Jumamosi wazazi walikusanyika shuleni. Baba wa Dodo, aliyeitwa Évariste, dereva wa teksi-basi, mtu wa mabega, ndiye aliyeuliza kwanza: "Batoto bamekula nini?"

Directeur Firmin alijifuta jasho. Akasema shule ina cheti cha mradi, shule ina pipa, shule ina daftari. Kisha akamgeukia Hélène, na wazazi wote wakamgeukia.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Alijua. Alipowaona watoto watano, tayari alikuwa anajua. Alifungua kinywa na kusema:

"Sisi shuleni tuliwaondoa wauzaji. Lakini nje kona ya pili, mtu anaendelea kuuza. Mimi nilikwisha kusema."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Mwanamke mmoja alisema, "Mama Nzi," na lile jina la watoto likapita kinywani mwa watu wazima bila aibu.

Walikwenda kama arobaini. Hélène hakuwafuata, ila aliona kutoka langoni, maana kona ya pili si mbali. Aliona karai linapinduliwa na mafuta yanatambaa barabarani yakitoa moshi. Aliona ndoo ya munkoyo inapigwa teke. Meza ilivunjwa miguu, kibanda cha mabati kikaangushwa. Sauti ya Mama Providence ilifika vizuri sana mpaka langoni: "Bantu ya Mungu, minye nilifanya nini? Muniambie, nilifanya nini?" Kisha haikusikika tena. Mtu alikuwa amempiga na ubao mdomoni.

Hélène alikwenda nyumbani, akapika, akala kidogo. Jumapili alikwenda misa, hakukomunika. Mathieu aliliona hilo.

Jumatatu muuguzi wa kituo cha afya, Octave, alikuja shuleni na kalamu na karatasi. Alikuwa kijana mtaratibu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliogopa ni kipindupindu. Vipimo alikuwa amevipeleka Lubumbashi. Alitaka kujua kila mtoto mgonjwa alikula nini, alikunywa nini, wapi.

"Na hii maji ya pipa," aliuliza, "munatiaka dawa?"

"Kila siku," alisema Hélène, akamsogezea daftari.

Octave alipitisha kidole kwenye safu ya ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akafunga. Hapo Hadassa, aliyekuwa anafagia barazani, akasimama mlangoni na fagio lake. Safari hii hakutazama vifundo vya miguu.

"Docta," alisema. "Dodo hakulaka kitu ya mama. Mama anamukatalia, juu baba yake hapendi. Na kopo ya dawa iko mutupu. Minye njo nilitupa ya mwisho mu jalala, Jumatano ya ile wiki ingine."

"Hadassa!" Hélène alipaza sauti. "Nani amekuuliza? Unamtetea mama yako kwa uongo?"

"Sisemi bongo, Madame."

"Toka! Vua kizibao, utoke!"

Mtoto alivua kizibao, akakikunja mara nne, akakiweka kizingitini. Alipoinama kukiweka, alishika tumbo. Hélène aliona. Octave hakuona, alikuwa anaandika.

Siku ya pili yake, saa sita mchana, Hélène alikuwa kituo cha afya pamoja na Firmin, aliyetaka waonekane wakiwatembelea wagonjwa, na sabuni za zawadi kwenye mfuko. Wazazi walikaa uani kwenye mikeka. Kelele zikasikika barabarani, na baiskeli ikaingia, imebeba mwanamke mwenye mdomo uliovimba, na mapajani pake msichana aliyekuwa kama nguo iliyokamuliwa. Macho ya Hadassa yalikuwa yamezama. Ngozi ya mkono ilipobanwa, ilibaki imesimama.

Wanawake kwenye mikeka waliwaachia njia. Kisha mmoja wao akasema, si kwa sauti ndogo, "Mungu amemurudishia."

Mama Providence alimpita bila kugeuka. Alimweka mtoto mikononi mwa Octave, akabaki amesimama katikati ya ua, mikono mitupu, hajui kuiweka wapi. Ndipo akamwona Hélène.

Hakupiga kelele. Watu walikuwa wanangoja apige.

"Mutoto wangu alikula kwangu," alisema. "Minye pia nilikula kwangu. Bale wadogo zake batatu balikula kwangu. Banne twiko bazima. Yeye tu alikunywa kwako. Sasa uniambie, Madame wa usafi. Uniambie mbele ya aba bantu."

Firmin alimshika Hélène kiwiko. "Usijibu," alinong'ona. "Daftari liko sawa. Usijibu kitu."

Ndani, kupitia dirisha, Octave alikuwa anatafuta mshipa. Alichoma mara moja, akakosa. Mara ya pili, akakosa. Mkono wa Hadassa ulikuwa mwembamba kama njiti ya ufagio na mishipa ilikuwa imejificha. Hélène alitazama sindano ikiinuka mara ya tatu, na kitu alichokuwa amekishikilia wiki nzima kikamwachia.

"Klorini iliisha," alisema.

"Madame," alisema Firmin.

"Iliisha. Maji yalitoka kijitoni. Niliandika ndiyo na haikuwa ndiyo. Kila siku niliandika. Niliwaambia watoto ni maji safi, na wakayanywa, na Jumamosi nilijua. Nilipowaambia habari ya kona ya pili, nilijua."

Kisha Évariste, baba wa Dodo, akainuka kutoka kwenye mkeka. Alikuwa na mtoto ndani, na huenda pia alikumbuka ubao, maana ndiye aliyeushika. Alimkaribia Hélène mpaka pumzi zao zikagusana, akamtemea mate usoni. Halafu kelele zikaanza. Mtu alimvuta kitambaa, mtu alimpiga mgongoni na kandambili. Mwanamke aliyesema Mungu amemrudishia ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Firmin alikuwa tayari barabarani, na mfuko wake wa sabuni. Octave alitoka akawafokea kwamba kuna wagonjwa, akamwingiza Hélène kwenye chumba cha dawa na kufunga mlango.

Mle ndani alimwuliza jambo moja tu: "Wangapi walikunywa?"

"Shule nzima."

Octave alishika kichwa. Kisha akaanza kazi. Alasiri ile pipa lilimwagwa, matangazo yakapigwa kwa kipaza sauti mtaa kwa mtaa, na watoto wengine ishirini na wawili waliokuwa wameanza kulegea nyumbani wakaletwa kabla hawajakauka. Baadaye aliwaambia watu kwamba ile siku moja ndiyo iliyofanya kaburi lisichimbwe. Hakuna mtoto aliyekufa. Hadassa alilazwa siku tano, akatoka anatembea kwa kushika ukuta.

Watu wa mradi walikuja mwezi wa tatu, wakasikia, wakaondoka. Vyoo vya matofali vilijengwa kwenye shule nyingine. Firmin aliandika ripoti ndefu ambamo yeye hakujua lolote, na Hélène akanyang'anywa brigedi na darasa la tano. Alipewa darasa la kwanza katika shule nyingine ya parokia, upande wa Panda, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

Kabla hajahama alikwenda kwa Mama Providence. Alipeleka karai jipya na galoni ya mafuta, na alikuwa ametayarisha maneno njiani. Mama Providence alikuwa anafua uani. Mdomo ulikuwa umepona vibaya, ukivutwa upande mmoja. Hakumpa kiti.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema Hélène. "Nilikukosea sana."

"Ndiyo," alisema Mama Providence, na kuendelea kufua.

Hélène alisubiri. Maji ya povu yalimfikia viatu.

"Sijui niseme nini zaidi, mama."

"Weye unapenda nikusamehe, ulale muzuri." Mama Providence alikamua nguo, akaitundika, akachukua nyingine. "Minye niko mulokole. Pasta anaombaka nikusamehe. Nitaomba Mungu anisaidie, pengine mwaka ingine. Lakini si leo. Na si juu ya karai. Batoto baliniimbia, juu ni batoto. Bakubwa balinipiga, juu baliogopa. Weye peke yako ulijua, na ulisimama ku lango ukiangalia."

"Nilisema mwishowe. Mbele yao wote nilisema."

"Ulisema wakati ulimwona Hadassa na sindano. Kama ingekuwa mutoto mwingine?"

Hélène alitaka kusema angesema vilevile. Lakini hakuwa na hakika.

"Voilà," alisema Mama Providence. "Beba karai yako. Toka mu lupango yangu."

Alilibeba. Njiani alimkuta Hadassa akitoka kuchota maji kwa jirani mwenye kisima, kibuyu kichwani, hatua fupi za mtu ambaye nguvu hazijarudi zote. Hélène alisimama pembeni ampishe. Alifikiri mtoto atainamisha kichwa kama zamani. Hadassa alimtazama usoni, mtazamo mrefu wa mtu anayemkagua mwingine, kisha akasema, "Bonjour, Madame," kama adabu inavyotaka, na kupita.

Huko Panda, Madame Hélène huamka saa kumi na moja na kuwahi shuleni kabla ya wote. Anachemsha maji ya darasa lake mwenyewe, kwa makaa yake mwenyewe, na siku makaa yakikosekana huandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba leo hakuna maji. Walimu wenzake wanamwona ana maringo, na wengine, waliosikia habari za Kikula, humgeuzia mgongo akiingia ofisini. Wazazi wawili wamewatoa watoto wao darasani kwake kwa ajili ya habari hizohizo tangu mwaka uanze, na wa tatu anasema naye atafanya hivyo.